Kuitwa chuoni si mwisho wa safari: Kwa nini alama hushuka mwaka wa kwanza

Na Mwandishi Wetu, Singida

HABARI ya kijana kuchaguliwa kujiunga na chuo kikuu haikai ndani ya nyumba moja. Katika kata ya Mandewa, Manispaa ya Singida, kama ilivyo katika mitaa mingine ya mji huo, ujumbe wa simu unaothibitisha nafasi ya masomo husomwa kwa sauti mbele ya wazazi, kisha husafiri kwa majirani, kwa waumini wenzao na kwa ndugu walioko vijijini. Magunia ya alizeti yaliyovunwa kati ya Mei na Juni huuzwa, na pengine ng'ombe naye hutolewa zizini, ili kijana apate nauli, godoro na fedha za kuanzia maisha.

Miezi minne au mitano baadaye hufika habari ya pili, ambayo haisomwi kwa sauti. Ni matokeo ya muhula wa kwanza. Kijana aliyezoea kuwa wa kwanza au wa pili darasani anakuta herufi C zimejipanga, na wakati mwingine D imo katikati yake. Wengi hawaiambii familia. Hofu huanza hapo: je, alama zikiendelea kushuka, nafasi ile iliyosherehekewa na mtaa mzima itapotea?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake linategemea mambo ambayo wanafunzi wengi wapya huwa hawajaelezwa kabla ya kupanda basi. Makala haya yanafafanua jinsi mfumo unavyofanya kazi, kwa nini alama hushuka, na ni wapi hasa hatari ilipo.

Hofu ya hapa si ya Marekani wala Uingereza

Katika nchi nyingine, hofu ya kushuka kwa alama huja kabla ya kufika chuoni. Nchini Marekani mwanafunzi huomba chuo akiwa bado katika mwaka wa mwisho wa sekondari, naye hupewa nafasi kabla ya kumaliza shule. Barua ya kukubaliwa huwa na sharti kwamba alama za mwisho zisiporomoke. Zikiporomoka sana, chuo kinaweza kuifuta nafasi. Nchini Uingereza vyuo hutoa nafasi zenye masharti, na mwanafunzi husubiri matokeo ya Agosti ili ajue kama ameyatimiza.

Tanzania hufuata mpangilio tofauti. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei, Baraza la Mitihani la Tanzania hutangaza matokeo karibu na Julai, na maombi ya vyuo hufuata baada ya hapo. Kuanzia mwaka 2010 maombi yalikuwa yakipitia mfumo wa pamoja uliosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU. Tangu mwaka 2017 waombaji hupeleka maombi moja kwa moja vyuoni, na aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja tu kwa kutumia namba maalumu anayotumiwa.

Maana yake ni kwamba mwanafunzi wa Tanzania anapoitwa chuoni, alama zake za sekondari tayari zimefungwa. Haziwezi kushuka tena. Kigezo cha chini cha kuingia shahada ya kwanza kwa aliyetoka kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili makuu yenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0, na akishakipita kigezo hicho hakuna mtu atakayemrudisha nyuma kwa sababu ya mtihani wa Mei.

Hatari imehamia ndani ya chuo chenyewe. Nafasi aliyoipata ni ya mwaka mmoja, nayo hufanywa upya kila mwaka kwa matokeo ya mitihani. Hilo ndilo jambo ambalo shangwe za Julai hulificha.

Sababu za alama kushuka

Sababu ya kwanza ni muda. Kati ya karatasi ya mwisho ya mtihani wa kidato cha sita na mhadhara wa kwanza wa chuo kuna takriban miezi mitano. Baadhi ya vijana huitumia katika mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yalirejeshwa kwa wahitimu wa kidato cha sita mwaka 2013. Wengine husaidia shambani au dukani. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alionyesha tangu mwaka 1885 kwamba akili hupoteza haraka sehemu kubwa ya ilichojifunza ikiwa haikirudii. Hivyo mwanafunzi hufika chuoni akiwa na cheti kizuri mkononi, lakini hesabu na kanuni zilizomletea cheti hicho zimekwisha kufifia.

Sababu ya pili ni namna ya kufundishwa. Sekondari mwalimu hufuatilia daftari, hurudia somo na humjua mwanafunzi kwa jina. Chuoni mhadhiri huzungumza kwa saa moja au mbili mbele ya mamia ya wanafunzi, hutaja vitabu vya kusoma, kisha huondoka. Hakuna kengele ya kujisomea usiku wala mwalimu wa zamu. Wengi huamua kutegemea madesa, yaani muhtasari unaorithiwa kutoka kwa waliotangulia, na hugundua wakiwa wamechelewa kwamba mhadhiri amebadili maswali.

Sababu ya tatu ni lugha. Kiingereza ndiyo lugha ya kufundishia kuanzia sekondari, lakini katika shule nyingi walimu huchanganya Kiswahili ili wanafunzi waelewe. Mwanafunzi anaweza kufika kidato cha sita akiwa hodari wa kujibu maswali ya mtihani bila kuwahi kuandika kwa Kiingereza insha ya kurasa kumi yenye hoja zake mwenyewe. Chuoni huagizwa kuandika insha hiyo katika wiki chache za mwanzo, na kwa kozi tano kwa pamoja.

Sababu ya nne ni maisha. Mwanafunzi wa Singida aliyepangiwa Dar es Salaam yuko takriban kilomita 700 kutoka nyumbani. Aliyekosa chumba katika hosteli hulazimika kubebana, kama wanafunzi wanavyouita utaratibu wa watu wawili kulala kitanda kimoja, au kupanga chumba mbali na chuo. Fedha ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, maarufu kama bumu, iliongezwa mwaka 2022 kutoka Sh8,500 hadi Sh10,000 kwa siku, lakini hutolewa kwa mafungu. Kijana ambaye hajawahi kushika laki kadhaa kwa wakati mmoja anaweza kuzimaliza kabla ya fungu linalofuata, na mwenye njaa hasomi vizuri.

Sababu ya tano husahaulika, nayo ni ulinganisho. Shuleni mwanafunzi huyo alikuwa bora miongoni mwa wanafunzi wa aina zote. Chuoni kila aliyeketi pembeni yake naye alikuwa bora kwao. Mtu anaweza kubaki na uwezo uleule na bado akajikuta katikati ya orodha.

Jinsi alama zinavyohesabiwa

Hofu nyingi hutokana na kutojua hesabu. Kidato cha sita alama 80 na kuendelea ni A, 70 hadi 79 ni B, na 60 hadi 69 ni C. Katika vyuo vikuu vingi nchini kipimo ni kingine: alama 70 na kuendelea huwa A, 60 hadi 69 huwa B+, 50 hadi 59 huwa B, na 40 hadi 49 huwa C, ambayo ndiyo ufaulu wa chini. Baadhi ya programu, hususan za afya, huweka kiwango cha juu zaidi. Hivyo mwanafunzi aliyepata 62 hajaanguka kama anavyodhani. Alama hiyohiyo iliyokuwa C shuleni ni B+ chuoni.

Herufi hizo hugeuzwa kuwa pointi: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1 na E ni 0. Pointi za kila kozi huzidishwa kwa uzito wa kozi hiyo, hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa jumla ya uzito wa kozi zote. Matokeo yake ndiyo wastani unaofahamika kwa wanafunzi wote kama GPA.

Mhitimu mwenye GPA ya 4.4 hadi 5.0 hupata daraja la kwanza. Mwenye 3.5 hadi 4.3 hupata daraja la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 daraja la pili la chini, na 2.0 hadi 2.6 hupata shahada ya ufaulu wa kawaida.

Chukua mfano wa mwanafunzi mwenye kozi tano zenye uzito sawa. Muhula wa kwanza anapata C nne na B moja. Pointi zake ni 11, zikigawanywa kwa tano anapata 2.2. Muhula wa pili anajirekebisha na kupata B+ mbili, B mbili na C moja. Pointi ni 16, na wastani ni 3.2. Mwaka wa kwanza anaumaliza na 2.7.

Kwa shahada ya miaka mitatu yenye mihula sita inayolingana, mwanafunzi huyo bado ana mihula minne. Ili amalize na daraja la pili la chini anahitaji kudumisha 2.7, jambo ambalo amekwisha kuonyesha kuwa analiweza. Ili apate daraja la pili la juu anahitaji wastani wa 3.9 katika kila muhula uliobaki, yaani B+ karibu katika kila kozi. Ni kazi ngumu, lakini inawezekana. Daraja la kwanza ndilo limekwisha kufungwa, kwa kuwa angehitaji wastani wa 5.25 ilhali kikomo ni 5.

Mfano huo unafundisha mambo mawili. Kwanza, muhula mmoja mbaya hauharibu shahada. Pili, muhula huo una gharama yake, na kila muhula unaoongezwa juu yake hupunguza nafasi ya kupanda. Anayengoja mwaka wa tatu ili aanze kusoma kwa bidii anakuta hesabu imekwisha kufungwa.

Sapu, kurudia na disko

Aliyeshindwa kozi moja au mbili kwa kawaida hupewa mtihani wa marudio, ambao wanafunzi huuita sapu. Katika vyuo vingi, aliyefaulu sapu hupewa C hata kama amejibu vizuri kiasi gani. Anaendelea na masomo, lakini kozi hiyo itabaki kuvuta wastani wake chini.

Akishindwa tena, kanuni za chuo husika ndizo huamua kama atabeba kozi hiyo hadi mwaka unaofuata au atarudia mwaka. Wastani ukishuka chini ya kiwango kinachotakiwa, ambacho vyuo vingi hukiweka kwenye 2.0 au karibu yake, huondolewa masomoni. Wanafunzi huita disko. Kwa kuwa kanuni hutofautiana kati ya chuo na chuo, na hata kati ya kitivo na kitivo, kitabu cha kanuni za mitihani kinachotolewa wiki ya mwelekeo kina thamani kuliko ushauri wa korido.

Kwa familia za kipato cha chini, suala la mkopo ni zito zaidi. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, humwendeleza mnufaika aliyefaulu kuingia mwaka unaofuata. Anayerudia mwaka kwa kushindwa mitihani hujikuta akitafuta ada na chakula mwenyewe. Ada ya shahada nyingi katika vyuo vya umma ni kati ya Sh1 milioni na Sh1.5 milioni kwa mwaka, kiasi ambacho kwa mkulima wa alizeti au vitunguu ni mavuno ya msimu, na mvua za Singida si za kutegemewa kila mwaka.

Aidha, aliyeondolewa chuoni hasamehewi deni. Fedha alizokwisha kupokea hubaki mkopo, na akipata ajira hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi sawa na mwenzake mwenye shahada. Anabaki na deni la msomi pasipo cheti cha msomi. Wanaosoma kwa ufadhili, nao hutakiwa kulinda kiwango cha ufaulu kilichotajwa katika mkataba wao.

Wanaosoma stashahada wana mpaka mwingine wa kuuangalia. Anayetaka kutumia stashahada kuingia shahada ya kwanza hutakiwa kuwa na GPA isiyopungua 3.0. Mwanafunzi wa chuo cha ufundi, afya au uhasibu anayeridhika na ufaulu wa kawaida anaweza kuhitimu vizuri na bado akakuta mlango wa chuo kikuu umefungwa, akalazimika kupitia programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kabla ya kuanza shahada.

Hofu yenyewe nayo hushusha alama

Mwaka 1978 wanasaikolojia wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, walieleza hali ya watu waliofaulu kwa haki lakini wakaishi wakiamini kwamba wamepata nafasi kwa bahati na kwamba siku moja watagunduliwa. Mwanafunzi wa sekondari ya kata aliyeketi jirani na waliosoma shule za kulipia huweza kuingiwa na hisia hiyo. Huacha kuuliza swali darasani asije akachekwa, hukwepa vikundi vya majadiliano, na hupotea katika mihadhara. Vyuo vingi huweka sharti la mahudhurio yasiyopungua asilimia 75, hivyo utoro wa hofu huweza kumzuia hata kufanya mtihani.

Utafiti wa Gregory Walton na Geoffrey Cohen, uliochapishwa mwaka 2011, unatoa mwanga. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walisomeshwa maelezo ya waliowatangulia, yaliyoonyesha kwamba hofu ya kutofaa chuoni humpata karibu kila mtu na hupita. Zoezi hilo lilichukua takriban saa moja tu. Kwa miaka mitatu iliyofuata, wanafunzi weusi waliolifanya walipanda alama kuliko wenzao weusi ambao hawakulifanya. Kujua kwamba hali hiyo ni ya wengi kuliwapa nguvu ya kubaki darasani na kutafuta msaada.

Kinachoweza kufanyika

Hatua ya kwanza ni kutafuta msaada mapema. Alama za kazi za muhula, ambazo katika vyuo vingi ni 40 kati ya 100, hutoka kabla ya mtihani wa mwisho. Aliyepata 14 kati ya 40 amekwisha kuonywa. Anajua kwamba anahitaji 26 kati ya 60 ili apate C. Huo ndio wakati wa kumfuata mhadhiri au msaidizi wake ofisini.

Hatua ya pili ni kubadili namna ya kusoma. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliojipima kwa kukumbuka walichosoma walikihifadhi vizuri zaidi baada ya wiki moja kuliko waliorudia kusoma maandishi yaleyale. Waliorudia kusoma ndio waliojiona wameelewa zaidi. Kufunga daftari na kuandika upya kilichofundishwa, au kumweleza mwenzako katika kikundi, kunafaa kuliko kukesha na madesa usiku wa kuamkia mtihani.

Hatua ya tatu ni kutumia taratibu zilizopo. Mwanafunzi mgonjwa, mjamzito au aliyefiwa anaweza kuomba kuahirisha masomo, mradi aombe kabla ya kushindwa na awe na uthibitisho. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi ipo kwa ajili hiyo. Aliyebaini kwamba kozi aliyochaguliwa haimfai anaweza kuomba kuhama, lakini muda wa kufanya hivyo huwa mfupi mwanzoni mwa mwaka wa kwanza.

Njia ya mkato ndiyo hatari kuliko zote. Kuingia na karatasi za majibu katika chumba cha mtihani, kununua insha au kuwasilisha kazi iliyoandikwa na programu ya akili mnemba kama yako, humgeuza mwanafunzi dhaifu kuwa mwanafunzi aliyefukuzwa. Aliyepata D ana sapu ya kumwokoa. Aliyekutwa na udanganyifu anaweza kupoteza shahada nzima.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mzazi ambaye hakufika chuo kikuu hawezi kumsaidia mwanawe takwimu au sheria ya mikataba, lakini anaweza kuuliza swali linalojibika: umekula, unaingia darasani, kuna somo linalokushinda? Kijana anayejua kwamba akipata C nyumbani hakutakuwa na matanga atasema mapema. Anayejua kwamba ng'ombe aliyeuzwa atatajwa kila simu inapopigwa atanyamaza hadi siku ya disko.

Wanaorudi likizo Mandewa nao wanaweza kufanya jambo dogo lenye manufaa makubwa, nalo ni kuwaeleza wadogo zao ukweli kuhusu muhula wa kwanza. Waseme ni kozi gani iliwashinda, waliifaulu vipi, na ni wiki ipi fedha ziliwaishia. Kijana anayeondoka Oktoba akiwa ameyasikia hayo atakapoziona C za kwanza atajua kwamba alionywa, kwamba hayuko peke yake, na kwamba bado ana mihula mitano.